Nani Anachota Maji Wakati Wewe Unasali?



Leo katika ukurasa wetu nataka tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi wa kimya kimya katika nyumba nyingi za Kikatoliki, hasa zile zinazosifiwa kuwa nyumba za Wakristo hodari. Jambo hilo si ulevi wala uzinzi. Ni sala na huduma. Mmoja yuko kila siku katika shughuli za parokia, mwenzake anabaki na watoto, mbuzi na kuni. Au mmoja anataka kukaa kimya na Mungu wake, na mwenzake anataka mikono ya kumsaidia kazi. Kila mmoja anaona kwamba yeye ndiye anayemtumikia Mungu, na kwamba mwenzake ni kizuizi.

Mimi ni katekista huku Kerio, Turkana. Wengi wakisikia jina Kerio hufikiri juu ya bonde lililo kule Elgeyo na Marakwet. Mto ni huo huo, lakini sisi tuko mwisho wake, upande wa Lodwar, karibu na pale unapoingia Ziwa Turkana. Sehemu kubwa ya mwaka mto wetu ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya mchanga huo. Nawaomba mkumbuke habari hii ya mchanga, maana nitairudia.

Sikuandika somo hili kwa sababu ninajua sana. Nimeliandika kwa sababu nilikosea mara mbili, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili.

KOSA LANGU LA KWANZA

Mnakumbuka ukame ulioanza mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, mpaka mwaka 2023. Mifugo ilikufa, na watu walikaa na njaa. Katika miaka hiyo nilikuwa mmoja wa watu waliosaidia kuandikisha wazee na wagonjwa ili wapate chakula cha msaada. Nilitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Kulikuwa na wagonjwa wa kupelekwa zahanati, maiti za kuzikwa, na ibada za Jumapili katika vigango ambavyo padre hawezi kuvifikia kila juma.

Sala ya jioni, ambayo mimi na mama watoto tuliizoea tangu tulipofunga ndoa, ilikatika. Nilijiambia kwamba Mungu anaona, na kwamba kazi yangu ndiyo sala yangu. Neno hilo ni tamu, na lina ukweli ndani yake. Lakini mimi nililitumia kama mlevi anavyotumia neno "kidogo tu".

Siku moja bibi kizee alinijia mara ya pili kuuliza kama jina lake limo katika orodha. Nilimfokea mbele ya watu. Yule mama ni wa rika la mama yangu mzazi. Alijifunika shuka yake akaondoka bila kusema kitu. Mimi niliendelea kuandika majina ya maskini wa Kristo.

Jioni hiyo mama watoto aliniwekea chai, akaniuliza, "Mwalimu, kesho utakuwepo?"

Ndugu msomaji, mke wangu hakuwa ameniita Mwalimu hata siku moja. Huniita baba wa fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Nikamwuliza kwa nini ananiita hivyo. Akajibu kwa upole, "Si ndivyo watu wote wanavyokuita? Na mimi siku hizi nakupata kama wanavyokupata watu wote, nikipanga foleni."

Usiku ule sikulala vizuri.

KOSA LANGU LA PILI

Niliamua kurudia sala, na niliamua peke yangu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kanisani na Biblia yangu, nikakaa kimya saa nzima. Siku ya kwanza nilisinzia. Siku ya pili na ya tatu moyo ulianza kutulia. Siku ya nne, nikirudi nyumbani na amani tele, nilikutana na mke wangu njiani akitoka mtoni. Alikuwa na mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni. Nikamsalimu, nikamwambia kwa furaha kwamba nimetoka kusali.

Akasema, "Mimi pia ningependa." Kisha akapita, kwa sababu mtungi ni mzito.

Hapo ndipo swali lilinijia, na halijaniacha mpaka leo: Nani anachota maji wakati wewe unasali? Saa ile ya ukimya niliyomtolea Mungu haikuwa yangu peke yangu. Nusu yake ilikuwa ya mke wangu, na yeye hakuulizwa.

TUSIKILIZE INJILI

Habari ya Martha na Maria iko katika Injili ya Luka, sura ya 10, kuanzia mstari wa 38. Tunaijua sote. Martha anahangaika na kazi za kumhudumia mgeni, Maria anakaa miguuni pa Bwana akisikiliza, na Martha analalamika. Yesu anamwambia kwamba Maria amechagua sehemu iliyo njema. Wengi wetu husoma hapo, tukafunga kitabu na kusema kwamba sala ni bora na kazi ni duni.

Lakini tazameni mambo matatu.

Kwanza, habari hii imewekwa mara tu baada ya mfano wa Msamaria mwema. Mtu aliyesoma kwamba imempasa kushuka kutoka punda wake na kufunga majeraha ya jirani, anaambiwa papo hapo kwamba imempasa pia kukaa chini na kusikiliza. Na sura inayofuata inaanza na Yesu kuwafundisha wanafunzi Sala ya Baba Yetu. Mwinjili ameunganisha mambo haya. Sisi ndio tunaoyatenganisha.

Pili, Yesu hakumkemea Martha kwa sababu ya kupika. Alimgusa pale penye wasiwasi na fadhaa, na pale alipoanza kumpima dada yake. Huduma yake ilikuwa imeanza kuwa hesabu ya nani amefanya zaidi. Je, hesabu hiyo haimo katika nyumba zetu?

Tatu, tafuteni Injili ya Yohane, sura ya 12. Yesu yuko tena Bethania, na Martha anahudumu tena mezani. Hakuacha kazi yake. Lakini safari hii hatusikii malalamiko yake. Na kabla ya hapo, katika sura ya 11, ni huyo huyo Martha aliyetoka kumlaki Bwana njiani na kukiri kwamba yeye ndiye Kristo. Mwanamke wa jikoni ndiye aliyetoa ungamo hilo kubwa la imani.

Na Bwana mwenyewe aliishi namna gani? Katika Marko sura ya 1, jioni mji wote umekusanyika mlangoni, naye anaponya wagonjwa. Alfajiri na mapema anaondoka kwenda mahali pasipo na watu ili asali. Simoni na wenzake wanamtafuta, na wakimpata, anawaambia waende vijiji vingine. Watu wa mji hawakuisha, wagonjwa hawakuisha, lakini aliondoka kusali. Na alipomaliza kusali hakubaki huko.

KWA WANA NDOA KUNA SHARTI LA ZAIDI

Mtawa akiingia kanisani, kengele imewaita wote. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, kule kusini mwa Tanzania, wamejenga, wamelima na kutibu wagonjwa kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini saa ya sala ikifika wanaacha jembe pamoja. Hakuna anayebaki akibeba mzigo wa mwenzake kwa uchungu.

Kwetu wana ndoa kengele hiyo haipo. Ndiyo maana Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anaposema kwamba mume na mke wanaweza kujitenga kwa muda wapate nafasi ya kusali, anaweka sharti kwamba wawe wamepatana. Mtume Petro naye, katika sura ya 3 ya barua yake ya kwanza, anawaonya waume wawaheshimu wake zao, ili sala zao zisizuiliwe. Tusikie vizuri, sisi waume. Unaweza kupiga magoti hata yakaota sugu, na sala isipande, kwa sababu ya namna unavyoishi na mama wa watoto wako.

MAGONJWA MAWILI

Kuna nyumba zilizo na ugonjwa wa huduma bila sala. Sisi wa Turkana tunaujua sana, kwa sababu Kanisa letu lilizaliwa ndani ya huduma. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, wale wa Kiltegan kutoka Ireland, walifika kwetu mwaka 1961 wakati wa njaa kali. Mmoja wao, John Mahon, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Lodwar, lililoundwa mwaka 1978. Walikuja na chakula na dawa, wakajenga zahanati na shule, wakachimba visima. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini baadhi yetu tulibaki tukifikiri kwamba Ukristo ni gunia: ama unaligawa, ama unalipokea. Tumesahau kwamba wale waliogawa mahindi mchana walisali Misa asubuhi.

Dalili za ugonjwa huu ni hizi: hasira ya haraka, kupenda kuonekana, kushindwa kumwachia mwingine kazi, na kuwa mpole kwa watu wa nje na mkali nyumbani.

Na kuna nyumba zilizo na ugonjwa wa sala bila huduma. Katika semina ya wana ndoa kule Lodwar nilimsikia mume mmoja kutoka upande wa Kakuma, mtu mtaratibu. Mke wake alikuwa hakosi kesha wala novena. Yeye mume ndiye aliyepika, aliyewalaza watoto, na aliyekaa na mama mkwe mgonjwa. Alisema hachukii sala. Alisema tu, "Naona kama Mungu ameniibia mke." Yule mama alilia mbele yetu sote. Alifikiri siku zote kwamba mume wake ni mtu asiye na imani. Kumbe ndiye aliyekuwa akikesha na mgonjwa.

Dalili za ugonjwa huu ni hizi: kuikimbilia sala ili kukwepa kazi au mazungumzo magumu, kumdharau mwenzako kuwa si wa kiroho, na kuwa na maneno mengi kwa Mungu na machache kwa mwenzako.

WALIOTUTANGULIA

Labda utasema, "Haya ni ya watawa. Mimi nina watoto na karo." Basi mtazame Louis Martin na mkewe Zélie, wa Alençon, Ufaransa, waliofunga ndoa mwaka 1858. Louis alikuwa fundi wa saa. Zélie alikuwa na biashara ya kufuma lesi, akiwaajiri wanawake wengine. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne. Kila siku walikwenda Misa ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha wakarudi kazini. Biashara ya mke ilipozidi kuwa kubwa, mwaka 1870 Louis aliiacha kazi yake ya saa ili amsaidie mkewe. Katika nyumba hiyo alitoka Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015.

Karibu nasi, Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania alikuwa baba wa familia na kiongozi wa taifa zima, na alijulikana kwa kuhudhuria Misa ya asubuhi. Kama kazi nyingi zingekuwa udhuru, nani angekuwa na udhuru mkubwa kuliko Rais?

TULIVYOFANYA NYUMBANI KWETU

Baada ya siku ile ya mtungi, mimi na mama watoto tulikaa chini tukazungumza. Tulipatana hivi: Jumanne na Ijumaa alfajiri mimi nitakwenda mtoni, naye atakwenda kanisani. Siku nyingine mbili mimi nitakwenda kusali. Na kila jioni, hata nikirudi nimechoka namna gani, tutasali pamoja kifupi kabla ya kulala.

Mnajua mila zetu. Maji ni kazi ya mwanamke. Siku ya kwanza nilipopita na mtungi, wazee walikuwa wamekaa chini ya mti, kila mmoja juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho pia ni mto wa kulazia kichwa. Mmoja aliniuliza kama mke wangu amefariki. Wote wakacheka. Nilijibu kwamba yuko hai, yuko kanisani anawaombea wao. Wakacheka zaidi. Sitawadanganya, niliona haya, na juma la pili nilipita njia ya nyuma.

Lakini kule mtoni nilifundishwa. Unachimba mchanga mpaka ukute unyevu, kisha unangoja. Maji hujikusanya polepole katika shimo. Ukiwa na haraka, ukichota kabla hayajatulia, unapeleka tope nyumbani. Wanawake wanajua hivyo tangu utoto. Wanakaa kando ya shimo, kata mkononi, kimya. Nilikaa kama wao. Ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka ile yote ya ukame niliwagawia watu tope. Nilichota kabla ya kungoja.

Na mama watoto? Aliniambia kwamba siku ya kwanza hakusali neno lolote kanisani. Alikaa tu, bila mtu wa kumwita. Nikamwambia kwamba hiyo nayo ni sala.

Baadaye tulikwenda wote wawili kwa yule bibi kizee niliyemfokea, nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema kwamba alishasahau. Sidhani kama alikuwa amesahau, lakini alitukaribisha tukae.

Bado nakosea. Kuna majuma mapatano yetu huvunjika kwa sababu ya msiba au mgonjwa. Tunayaanza tena. Lakini siku hizi naitwa tena jina langu la nyumbani.

MASHAURI MACHACHE

1. Msipange sala yenu kila mtu peke yake. Zungumzeni: lini wewe, lini mimi, lini pamoja.

2. Anzeni na kidogo. Dakika kumi zinazoshikwa ni bora kuliko saa moja inayoachwa baada ya juma.

3. Kabla ya kukubali kazi mpya katika jumuiya, CWA, kwaya au halmashauri ya parokia, mwulize mwenzako. Kazi yako itampa yeye kazi.

4. Mwenzako akienda kusali, beba mzigo wake bila kunung'unika. Huo mtungi ndio sala yako siku hiyo.

5. Haja ya kweli ikija wakati wa sala, mtoto mgonjwa au mgeni mwenye njaa, inuka uende kwa amani. Hujamwacha Mungu. Lakini haja ikija kila siku bila mwisho, jiulize kama ni haja, au ni wewe unayeogopa kukaa kimya.

Wengine watasema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa mtu mwenye mikono miwili. Wana ndoa wana mikono minne.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MUME NA MKE

- Katika nyumba yetu, nani hukosa nafasi ya kukaa kimya na Mungu? Anazuiliwa na nini?
- Ni huduma gani ninayoitoa nje ambayo mwenzangu ndiye anayeilipia nyumbani?
- Ni mzigo gani mmoja ninaoweza kuuchukua juma hili ili wewe upate kusali?

SALA

Bwana Yesu, uliyeipenda nyumba ya Bethania, ingia pia katika nyumba yetu. Utufundishe kungoja kabla ya kuchota, na kuchota kwa ajili ya wenye kiu. Utuondolee hesabu za nani amefanya zaidi. Anayesali kati yetu amkumbuke anayebeba, na anayebeba asimwonee uchungu anayesali, ili sote wawili tukupate. Amina.